Kengele ya Glory na Honi ya Faraji

Jumatatu, 3 Julai 1995

Saa nne asubuhi na watoto bado wamelala! Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Glory wangu ameteuliwa mgonga kengele, ile ringi ya lori iliyoning'inizwa pale shuleni. Ataigonga saa kumi na mbili na nusu kamili asubuhi. Akichelewa siku ya kwanza, kengele inakwenda kwa Aisha, binti wa jirani yangu Sharifu. Sharifu! Nitamtazamaje?

Kosa ni la video. Tangu biashara iwe huria, mwenye duka kaleta jenereta na televisheni, na likizo nzima Glory na mdogo wake Mika wamekesha pale. Nilikuwa nao. Kuwalinda tu.

Mke wangu Yunis anashauri video basi, na tuwaamshe mapema kidogo kila siku. Mwanamke ana akili sana. Ila polepole mno.

Jumanne, 4 Julai

Mbinu ya kwanza. Nimewalaza saa kumi na mbili jioni, nikalala nao kuwaonyesha mfano.

Jumatano, 5 Julai

Nimeamka saa tatu. Wao walicheza karata juu ya mgongo wangu mpaka saa tano usiku. Hata hivyo Yunis kawaamsha saa mbili asubuhi, wakaenda kupalilia karoti. Mimi kanifunika blanketi la pili. Upendo ulioje!

Alhamisi, 6 Julai

Nimepata dawa. Faraji, dereva wa Fuso, atapiga honi tatu mbele ya nyumba kesho saa kumi na moja alfajiri. Kwa shukrani nimempa jogoo wetu. Yunis kauliza nani atawika sasa. Mambo makubwa hayaelezeki jikoni.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Balaa! Nilisahau kwamba hapa Lukozi lori likipiga honi tatu alfajiri, mnunuzi wa kabichi kafika, na anayewahi ndiye anayeuza. Kilima kizima kikaingia shambani na mapanga. Hakujapambazuka, uani kwangu kabichi mpaka mlangoni. Sharifu peke yake matenga manne. Faraji kasema hanunui chochote, anakwenda gereji Tanga. Kaondoka na jogoo.

Nilitegemea matusi. Sharifu kaniangalia tu, akasema, "Fanueli, kabichi ikishakatwa hairudi shinani." Niliona aibu kweli.

Watoto? Hawakugeuka hata ubavu. Ilipofika saa kumi na mbili Yunis kaingia, kawagusa nyayo, wakaamka. Kisha kawapa uji watu wote, akaenda barabarani kusimamisha lori la mnunuzi halisi. Hadi adhuhuri kabichi zote zimepakiwa, na Glory na Mika wamebeba mpaka ya mwisho. Sijui nilimpataje mwanamke huyu.

Jumapili, 9 Julai

Watoto wamelala wenyewe saa mbili. Nimepita pale kwenye video kuhakikisha hawapo. Hawakuwapo. Nimehakikisha mpaka picha ikaisha.

Jumatatu, 10 Julai

Glory kaamka mwenyewe saa kumi na moja kasorobo, ukungu umejaa, akamwamsha Mika. Yunis anasema kengele ililia kwa wakati, na kilima chote kiliisikia.

Kasoro mimi. Sharifu ndiye aliyeniamsha, saa tatu. Kaja kunipa mkono. Kasema alitamani awe Aisha, lakini nusu saa kabla ya kengele Glory alikuwa tayari amesimama pale kwenye baridi, jiwe mkononi, na mtoto wa namna hiyo anastahili. Machozi yalinitoka. Muungwana, yule Sharifu. Na binti yangu!

Nimetafakari. Ni wazi honi ilifanya kazi, ila ilichukua siku tatu kuwaingia. Likizo ya Desemba nitaita malori mawili. Faraji kakubali, kwa jogoo mmoja kila lori. Sisi hatuna tena. Sharifu anao wawili, wazuri sana.