Malalamiko Dhidi ya Coulibaly na Ushauri Wake Sahihi

Bi Sanaba Keita,
Karakana ya Kutia Rangi Vitambaa,
Ségou.
Jumatano

Kwa Mkurugenzi,
Redio Sauti ya Mtoni,
Ségou.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MTANGAZAJI WENU NA KIFO CHA SIMU YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wa nyumbani kwako wote wazima. Mimi si mzima. Nina hasira tangu Jumamosi simu yangu ilipozimika, ila kwa kuwa nililelewa vizuri, nimekunywa kwanza chai zote tatu za desturi yetu ndipo nikashika kalamu.

Kila Jumatano asubuhi redio yako inamweka hewani Ngolo Coulibaly awafundishe wananchi kutunza simu na kompyuta. Ujuzi wake simkatalii. Tatizo ni ukoo. Mimi ni Keita, na Keita na Coulibaly ni watani tangu enzi za wafalme. Coulibaly akimwambia Keita akae, Keita anasimama. Akisema mvua inakuja, Keita anaanika nguo. Mimi si mtu wa kuvunja mila kwa ajili ya simu, kwa hiyo kila ushauri alioutoa nimeufuata kinyume chake, kwa uaminifu, bila kuruka hata mmoja. Yaliyonipata ni haya:

1. Alisema simu isichajiwe ikiwa imefunikwa, itapata joto. Nikaifunika blanketi mbili, na mto juu yake. Sasa imevimba mgongo, na ukiiweka mezani inazunguka yenyewe.

2. Alisema neno la siri asiambiwe mtu. Nikalitangaza sokoni, upande wa vitambaa na upande wa samaki. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulikuwa unasoma ujumbe wangu kabla yangu. Jirani yangu Assitan alimjibu mama wa bwana harusi wa binti yangu kwa niaba yangu, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba alijibu vizuri kuliko mimi.

3. Alisema kompyuta iwekwe mbali na vumbi na vinywaji. Chama chetu cha watia rangi kina kompyuta moja tu. Nikalihamishia jiko la chai pembeni yake. Zile chai mbili za kwanza iliziona tu. Ya tatu, ile yenye sukari nyingi, iliinywa.

4. Alisema kioo cha simu kifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Ndugu Mkurugenzi, nina miaka thelathini na moja natia rangi bazini, kile kitambaa cha nguo za sherehe. Kitambaa changu hakitoki hapa bila kupakwa wanga na kupigwa kwa nyundo za mbao mpaka king'ae. Nikaona hapa mila na kazi vimekubaliana. Wanga niliipaka mwenyewe. Mpiga nyundo nilimwambia apige polepole, na nakiri alipiga polepole. Kwa dakika kama tano hivi, hapakuwa na simu inayong'aa kama ile Ségou nzima.

5. Alisema simu ikilowa izimwe, isiwashwe mpaka ikauke. Yangu, ikiwa bado imelowa wanga, nikaiwasha mara saba. Mara ya nane ilikataa.

6. Hili naliandika kwa uchungu. Alisema picha na sauti tunazozipenda tuziwekee nakala mahali pengine. Ndani ya simu yangu kuna sauti ya marehemu mama yangu. Aliirekodi wiki mbili kabla hajafariki, dakika nne, akimwombea dua mwanangu Nyeleni kwa ajili ya siku ya harusi yake, siku ambayo alijua hataiona. Nakala ilikuwapo, kwa mdogo wangu Ramata. Nilimpigia nikamwamuru aifute. Ramata alilia, akaniuliza kama nina akili timamu, kisha akafuta kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Harusi ni Jumapili hii.

Usidhani nimekaa nikajikunyata. Nimewazungukia mafundi watatu. Wa kwanza aliigeuzageuza akaniuliza, "Mama, hii simu uliipika?" Wa pili aliinusa. Wa tatu, kijana mwenye adabu, alisema, "Mama, nisikudanganye. Wa kuitoa hiyo sauti hapa mjini ni mmoja tu, Coulibaly wa redioni."

Basi leo asubuhi nikapiga hewani kwa simu ya Assitan. Sijataja hata jina, huyo Coulibaly akadakia kwa ule utani wetu wa kuitana wala maharage, "Huyo ni Keita! Nasikia harufu ya maharage mpaka studio!" Nikamwambia, "Harufu ni ya kwako, mla maharage, nuka huko huko na ukoo wako!" Fundi mitambo wenu alicheka mpaka nikamsikia. Kisha Coulibaly akauliza kilichonisibu, nikamweleza. Akasema, "Mama Sanaba, utani tuuweke pembeni. Niletee hiyo simu leo leo." Nikamjibu, mji wote unasikiliza, "Keita hapeleki mzigo kwa Coulibaly. Coulibaly ndiye mbebaji!" Nikakata.

Watu walinipongeza mpaka barabarani. Halafu nikaingia ndani nikalia.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba mambo mawili.

Kwanza, Coulibaly aendelee na kipindi, lakini akimaliza ushauri wa watu wote awe na dakika tano za Keita, aseme uongo mtupu: "Keita, zitieni simu zenu wanga." Sisi tutajua la kufanya. Nimeshaiona hatari iliyopo. Keita wakigundua kwamba anadanganya makusudi ili wapone, watakuwa wanamtii, na itabidi wafanye kinyume cha kinyume, turudi kwenye wanga. Kwa hiyo msiwaambie. Mimi mwenyewe nitajitahidi kusahau.

Pili, naomba mumfikishie marufuku hii, yenye muhuri wa redio. Mimi, Sanaba Keita, namkataza kabisa Ngolo Coulibaly kuigusa simu yangu kabla ya Jumapili. Namkataza kuitafuta sauti ya mama yangu. Akiipata, namkataza kuileta. Na harusini namkataza kukanyaga, hasa saa saba, chakula kikiwa bado cha moto. Naye ni mtani, anajua anavyopaswa kumfanyia Keita anayemkataza.

Wasalimie mkeo, watoto, wakwe, fundi mitambo, mlinzi wa lango na yule mama anayesoma vifo kwa sauti nzuri. Coulibaly msimsalimie. Akiuliza, mwambieni niliuliza tu kama ameshiba.

Ni mimi, mwenye hasira na heshima zote,

Sanaba Keita

NB: Simu iko humu pamoja na barua, nimeifunga kwenye kipande cha bazini ya buluu. Yaliyo juu someni hewani yote. Haya msiyasome. Mama yangu mzazi alizaliwa Coulibaly, kwao ni ujombani kwangu, na kwa mila hiyo hiyo mjomba hutiiwa, kwa hiyo nilipaswa kuusikiliza ushauri wote tangu ule wa kwanza. Basi mwambieni Ngolo, faraghani, kwamba sauti atakayoikuta humo ni ya shangazi yake.