Viini Vinane, Mke Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua. Wengine waendelee kununua kompyuta zilizofungwa kwenye maboksi. Mimi nitaziunda kwa mikono yangu, imara na za bei nafuu, na mtaa mzima utapanga foleni mlangoni petu. Kila biashara huanza na mteja wa kwanza. Wangu nimempata humu humu ndani: mke wangu. Yeye hajajua bado.

Mke wangu huchora ramani za majengo. Miaka yote amechora vyoo, mabanda, na kuta za majirani wanaogombania mpaka. Sasa kampuni moja ya ujenzi imempa jaribio. Achore ramani ya zahanati, aitume Ijumaa kabla ya saa nane mchana, na ikiwapendeza watamwajiri. Ajira ya kudumu! Lakini kompyuta yake ni kikongwe. Akifungua ramani anakwenda kuchemsha chai, anarudi, bado inafikiri.

Kwa hiyo asubuhi, alipotoka kwenda kupima kiwanja, niliifungua. Diski yenye kazi zake niliiweka pembeni kwa adabu. Vilivyobaki nilivipeleka kwa Mzee wa Vipuri, tukabadilishana. Akanipa prosesa iliyotumika, yaani ule ubongo wa kompyuta, yenye viini vinane. Vinane! Vichwa vinane ndani ya kijibati kidogo kuliko biskuti, kila kimoja na kazi yake. Ile ya zamani ilikuwa na viwili, tena vimechoka. Akanipa na ubao wa kuipachika, na kipoza joto kipya cha kukaa juu ya prosesa.

Njiani nikakutana na Fundi Feni, mwenye kibanda cha kompyuta ng'ambo ya barabara. Anaitwa hivyo kwa sababu kila ugonjwa wa kompyuta yeye husema ni feni. Akauchungulia mzigo wangu. Akasema prosesa ni nzuri, ila viini vingi si hoja, hoja ni mkono unaoifunga. Nikamshukuru kwa ushauri. Wivu mtupu!

Jumanne, 4 Machi

Jana mke wangu alirudi akaikuta meza yake tupu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, iko wapi. Nikamweleza habari ya viini vinane. Akasema angependa kwanza kujua kama mumewe anacho hata kimoja.

Nimemsamehe. Hasira za mtu asiyejua bahati yake.

Leo nimeunda. Ubao umeingia, prosesa imekaa, kipoza joto kimekaa juu ya prosesa. Upande wa chini wa kipoza ulikuwa unang'aa hasa, nikajiona uso, nikachana na nywele. Nikapaka ile grisi ya kupitisha joto, sawasawa, kama siagi kwenye mkate. Nikakaza skrubu. Nikabonyeza. Ikawaka! Nilipiga yowe hadi mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwezi uliopita, akatoka bafuni na povu kichwani akiuliza nani amekufa.

Ramani ya zahanati ilifunguka kabla mke wangu hajavuta kiti. Akacheka. Akaniita fundi wake. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Halafu, chai ikiwa bado ya moto kikombeni, skrini ikawa nyeusi. Kimya. Tukaiwasha. Ikazimika tena.

Nimemwambia asijali, mashine mpya huwa na ugeni.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua sababu: umeme. Nimepiga marufuku pasi. Mke wangu amekwenda kumwona mteja akiwa na sketi yenye makunyanzi. Inazimika vile vile.

Sababu halisi: vumbi. Nimefunga madirisha yote. Tumelowa jasho sote. Inazimika.

Sababu halisi kabisa: joto. Nimelifungua kasha ubavuni na kulielekezea feni ya sebuleni. Mama mkwe nimemkabidhi kipande cha boksi, nikamwomba kwa heshima zote apepee upande wa pili. Alipepea kwa moyo mmoja, huku akiuliza kama mashine za watu wengine nazo hupepewa. Nilijifanya sikusikia. Mkwe hajibiwi ovyo.

Ndipo likanijia wazo la kipaji. Vichwa vinane vikifikiri kwa pamoja lazima joto lipande, hata vikao vya ukoo ni hivyo hivyo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima viini vinne. Ikadumu kidogo, ikazimika. Nikazima vingine. Nikabakiza kimoja. Haikuzimika! Nusura nimkumbatie mama mkwe. Nilisikia mwili mzima ukilegea kwa faraja. Tatizo limekwisha!

Mke wangu akaifungua ramani. Akaenda kuchemsha chai. Akarudi. Bado inafikiri. Akasema hongera, nimemletea kompyuta yenye kiini kimoja cha kazi na saba vya mapambo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya, kisha nzuri. Niiandike kwa mpangilio.

Asubuhi mke wangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikaa kitandani akasema nafasi hii ameingoja tangu amalize chuo, na ikipita atarudi kuchora vyoo hadi uzee. Akasema hatanikasirikia, ila hatasahau. Nimwandikie nani uongo hapa? Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tangu siku ya posa.

Nikakimbia kwa Mzee wa Vipuri kukikomboa kile kikongwe. Kimeshauzwa vipande vipande. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikapita mbele ya kibanda cha Fundi Feni. Nikapita tena. Nikaingia, nikamsabahi, nikamwambia nina mteja wangu, mtu wa mbali, kompyuta yake inapata joto na kuzimika. Akauliza kama huyo mteja ni mrefu kama mimi. Nikasema wastani. Akauliza kama na yeye ana mama mkwe anayempepea mashine, maana dirishani petu panaonekana kila kitu. Nikakumbuka nina shughuli nyumbani.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe mkono umekufa ganzi. Alikuwa ameniona dirishani, akaniuliza Fundi kasemaje. Nikababaika. Akasema, mwanangu, mficha uchi hazai. Akaweka boksi chini, akavaa viatu, akavuka barabara mwenyewe. Akarudi na Fundi Feni, bisibisi mfukoni, uso wa mtu aliyealikwa harusini.

Nikamuwahi. Nikasema bila shaka atatuambia ni feni. Akasema safari hii siyo feni. Akakichomoa kipoza joto, akakigeuza juu chini, akaingiza ukucha pembeni. Akavuta. Polepole! Ikabanduka nailoni nyembamba, ng'avu, imejaa grisi yangu. Kumbe kiwandani huibandika ili chuma kisichunike. Ule uso niliochania nywele ulikuwa wa nailoni. Nilikuwa nimekivisha kipoza joto koti la mvua, joto likakosa pa kupitia.

Ilikuwa na maandishi mekundu. Mama mkwe akavaa miwani. Akayasoma kwa sauti: bandua kabla ya kufunga. Akayasoma tena, kwa ajili ya waliokosa mara ya kwanza. Niliiomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Fundi Feni akafuta, akapaka grisi mpya, akafunga, akavirudisha viini vyote vinane kazini. Mke wangu akavuta kiti. Ramani ikafunguka. Tukasimama nyuma yake tumebana pumzi. Chai ikapoa. Chai ikatupwa, ikapikwa nyingine, nayo ikapoa. Mashine inanguruma taratibu, hata kasha halina joto. Fundi Feni akasema prosesa yenyewe nimeichagua vizuri, kwa bei ile hakuna iliyo bora. Alisema mbele ya mama mkwe! Nilitoka uani, nikakaa juu ya ndoo, nikalia. Machozi ya raha kabisa. Sijui kama kuna kitu kitamu duniani kama hofu inapokutoka.

Kitu kimoja tu kimenikera. Ile nailoni Fundi Feni ameomba aondoke nayo. Ameitundika mlangoni mwa kibanda chake.

Ijumaa, 7 Machi

Imetumwa! Saa sita, mapema kabisa. Mke wangu alibonyeza, akaegemea kiti, akasema mkono wake ulikuwa haujawahi kuchora haraka hivyo. Alisema milango ya zahanati aliigeuza upande mara tatu na mashine haikulalamika. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mama mkwe akakohoa.

Jumatatu, 10 Machi

Wamemchukua! Yaani ameajiriwa! Walimpigia simu akiwa anafua, akajibu na mikono ina sabuni, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha akaketi sakafuni. Alinikumbatia na mapovu yake. Nilihisi kifua kinafunguka. Sikumharibia maisha mke wangu! Nimeimba hadi majirani wakagonga ukuta.

Baadaye akanishika masikio yote mawili, akasema kazi ya kwanza wameshampa, ramani za shule, zinatakiwa Alhamisi. Kwa hiyo nikiifungua tena hiyo mashine nitahamia kwa Fundi Feni na godoro langu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo safi, wala si maneno ya mdomoni. Fundi hujifunza kwa makosa.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu amekwenda kutia sahihi mkataba. Nimebaki nikitafakari. Hebu nione: kwa viini viwili alikuwa anachora vyoo. Kwa viini vinane, zahanati na shule. Hesabu inajieleza yenyewe. Na Mzee wa Vipuri amenipigia simu asubuhi hii, hata kabla sijanawa uso. Amepata yenye viini kumi na sita. Kumi na sita! Mwanamke huyu atachora viwanja vya ndege!

Nimeshaichomoa ile ya vinane, nimeshafika kwake, nimeshabadilishana, nimesharudi. Iko hapa mezani, inang'aa. Haiingii vizuri kwenye ubao, lakini ni suala la kuisukuma kidogo. Skrubu zote za kasha ziko nje tayari. Mke wangu anarudi saa kumi, muda upo tele.

Mama mkwe amepita, ameiona bisibisi mkononi mwangu. Sasa namsikia akikunja nguo zake, ghafla amekumbuka ana safari. Nimepumua sana. Chumba chake kitanifaa kwa karakana.