Kisu cha Ukoo na Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 2 Juni

Itangazwe kwa ukoo wote, walio juu ya barabara na walio chini yake, ya kwamba leo mimi Filbert, kifunguamimba wa marehemu baba yangu, nimekula kiburu, ndizi zetu na maharage, sahani mbili na kulamba mwiko. Kornelia, mke wangu, amenitazama kama aliyemwona Lazaro anatoka kaburini.

Tangu Kwaresima nilikuwa sili, silali. Nakaa chini ya mibuni yangu nalia, na kahawa yenyewe haina kosa. Daktari Stella wa mjini akaniandikia vidonge vya sonona, kimoja kila asubuhi. Alisema vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kweli. Kwanza vikaleta kichefuchefu, kinywa kikavu, jasho, na shida moja ya chumbani ambayo shajara hii bado ni changa mno kuisikia. Halafu taratibu kukakucha.

Sasa nimepona. Linanisumbua jambo moja. Mdogo wangu Wenseslaus, anayeongoza watalii mlimani, amepita jioni akamuuliza Kornelia kama kaka bado anameza vile vidonge. Kwa sauti ya chini. Kwa nini ya chini? Jumamosi ukoo unachinja mbuzi, na anayeshika kisu na kugawa nyama ni mimi. Nani atamwachia kisu mtu wa vidonge vya kichwa? Wense anakitaka. Nimemjua.

Jumanne, 3 Juni

Mpango umeanza. Kornelia husimama mbele yangu hadi nimeze. Nakificha kidonge chini ya ulimi, nasema asante Mama Lucky, nazunguka nyuma ya jiko, nakitema kwenye shina la mgomba. Nakifukia kwa kidole cha mguu. Jumamosi yeyote akiuliza, nitaapa mbele ya padri kwamba simezi dawa yoyote. Na si uongo. Anayemeza ni mgomba.

Alhamisi, 5 Juni

Kuna mkono wa mtu. Nikigeuza shingo, kizunguzungu. Halafu kitu kama umeme kinakatiza ndani ya kichwa, tsii, kama taa inayotaka kuungua. Jasho. Ndoto za ajabu: nimeota mbuzi ameshika kisu, anatugawa sisi. Nimemfokea Kornelia kwa sababu ya kijiko. Akaniuliza pole pole, Baba Lucky, dawa umemeza? Nikamjibu kwamba dawa imefika inakofika.

Washukiwa ni wawili. Wense, aliyeleta mbege jana. Nilikunywa kibuyu kimoja tu. Daktari alikataza pombe, lakini mbege ni ndizi na ulezi, ni chakula. Muulize mtu yeyote wa Old Moshi. Wa pili ni Ebenezeri, jirani yangu Mlutheri, ambaye leo kanisalimia kwa furaha isiyo na sababu.

Mgomba unanawiri. Nao nautilia shaka.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu.

Kwetu kidari cha mbuzi ni cha shangazi. Si zawadi, ni haki yake. Ndiyo inayosema kwamba hata kama aliolewa mbali, mji huu bado ni wake. Shangazi Dominika alikuwa amepanda kutoka Rau tangu asubuhi, sufuria mapajani. Nikashika kisu mbele ya ukoo mzima. Nikainama, nikainuka, umeme ukapita, dunia ikageuka, kila mtu akawa wawili. Nikanyoosha mikono na kutoa kidari chote, kwa sauti ya heshima, kwa Ebenezeri, aliyekuja tu kurudisha ngazi.

Mlutheri wa watu akashukuru, akaondoka mbio kama mtu aliyeona malaika kakosea mlango. Ngazi kaondoka nayo tena.

Shangazi akafunika sufuria tupu. Akasema tangu kaka yake afe alikuwa akisubiri siku ya kuambiwa kwamba hapa si kwao, na anashukuru nimemwambia mbele ya mashahidi. Nikaketi chini. Wense akaninyang'anya kisu.

Si nilisema?

Jumatatu, 9 Juni

Kornelia alikwenda kumwaga maji kwenye mgomba, akakikuta kidonge cha leo juu ya udongo. Hakupiga kelele. Alikiweka mezani kando ya chai yangu. Ningependa angepiga kelele.

Tumeshuka mjini. Daktari Stella akanisikiliza, akasema hakuna aliyenitia sumu. Kile kiburu sahani mbili kilikuwa kazi ya vidonge, si ushahidi kwamba sivihitaji. Kizunguzungu, umeme, ndoto, hasira: yote hayo ni mwili ulionyimwa dawa ghafla. Si uraibu, ila mwili huzoea, na ukitaka kuacha unapunguziwa kidogo kidogo, wiki hata miezi, daktari akijua. Vikinisumbua niseme, maana hata ile shida ya chumbani ina namna zake. Nikasema sina shida yoyote. Kornelia akakohoa. Kuhusu mbege kuwa chakula, daktari alisema hata bibi yake alisema hivyo. Ameniandikia nianze upya.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwendea Shangazi na jani la sale. Hapa kwetu anayekosa hupeleka jani hilo, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Dereva wa bodaboda akaniuliza nimemfanyia nani nini, maana mzee hashuki hadi Rau na sale mkononi kwa urembo.

Shikamoo, Shangazi. Marahaba, mgawa nyama wa Walutheri. Akalipokea. Nikamweleza yote, pamoja na mgomba. Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akafuta macho. Akasema alipofiwa na mumewe hata kidari kilikuwa kama kutafuna kitambaa, mpaka alipopewa vidonge kama vyangu. Alivimeza, baadaye wakampunguzia hadi vikaisha. Akaniuliza kama miaka hiyo yote nilishawahi kumwona hafai kitu.

Akasema kisu ni changu, ila siku ya kugawa atanikagua mdomo.

Alhamisi, 26 Juni

Niandike kilichotokea kweli, maana huku hasomi mtu. Hakuna aliyeniroga. Mbege ya Wense ilikuwa mbege, ingawa haikunisaidia. Wala Wense hakukitaka kisu. Anapandisha watalii hadi kileleni, lakini damu inamtapisha, na mgawa nyama husengenywa mwaka mzima. Aliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu alikuwa anamwomba Mungu nisiviache vidonge. Aliyeviacha ni mimi, kwa kuogopa macho ya watu waliokuwa wakitazama nyama.

Jumapili tulichinja tena. Kidari kilifika kwa mwenyewe. Umeme umekoma. Nameza kila asubuhi, na Kornelia hukagua chini ya ulimi kwa tochi ya simu.

Ila mgomba. Tangu Jumatatu ile umenyong'onyea, majani chini. Kornelia anasema ni ukame. Mimi najua ninachokijua. Ulizoea kidonge chake cha asubuhi, ukakatiwa ghafla, na hakuna daktari aliyeupunguzia.

Leo simu ya Kornelia haikuwa na chaji. Nimekikata kidonge katikati. Nusu nimemeza, nusu nimeifukia kwenye shina la mgomba. Wiki ijayo nitaupa robo. Polepole, kama daktari alivyosema.