Profesa Holmbek na Mbaazi za Baba

Jumatatu, 25 Agosti

Tarehe ya usaili imetoka! Walimu wa fasihi ya Kiingereza tunafanya mtihani wa mchujo tarehe 10 mwezi ujao. Nafasi chache, waombaji kama siafu. Sina wasiwasi. Nina digrii. Iko kwenye fremu, sebuleni kwetu hapa Bagara, chini kidogo ya picha ya Bikira Maria.

Baba hakufurahi kama nilivyotegemea. Kasema amenisomesha kwa mbaazi za shamba letu la Mutuka, gunia kwa gunia, na tangu nihitimu nimelala nasubiri ajira mpaka godoro limebonyea. Eti hii ndiyo mara ya mwisho. Nikianguka, nahamia Mutuka, nashika jembe, na habari za ualimu ziishie hapo. Kasema bila kupandisha sauti. Ndiyo maana nimeogopa.

Mutuka! Mimi! Na ngozi yangu hii inayowashwa na vumbi la mbaazi!

Lazima nifaulu. Kesho naanza kusoma.

Alhamisi, 28 Agosti

Sijaanza kusoma. Nimefanya jambo kubwa zaidi: nimeunda kikundi cha kujisomea. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni Basil, rafiki yangu tangu sekondari, mtu anayeandika kila kitu anachoambiwa. Mweka hazina ni Herieli, mpole, haongei mpaka aulizwe mara mbili. Hazina hatuna, lakini cheo kimempendeza. Irine wa Nakwa sijampa cheo. Irine alinipita chuo kizima, na mpaka leo akiniangalia ni kama ananionea huruma. Akae hivyo hivyo.

Sasa mpango wenyewe, nauandika hapa tu. Nadharia zote nimewagawia wao. Basil, Umarksi. Herieli, ufeministi, kachukua bila kubisha. Irine nimempa udenguzi, ile ya kuyafumua maandishi mpaka mwandishi mwenyewe asiyatambue. Kila mmoja akasome, aje atueleze. Wao wanasoma, mimi nasikiliza, mwishowe mimi peke yangu najua yote! Hivi kwa nini watu wanajitesa?

Irine kauliza mwenyekiti atasoma nini. Nikamjibu kwamba mwenyekiti anaratibu.

Jumapili, 31 Agosti

Kikao cha kwanza, kwetu, baada ya misa. Ajenda ya kwanza, rangi ya fulana za kikundi. Mjadala ulikuwa mkali, hasa kwa upande wangu. Irine akaomba tuanze kusoma kabla giza halijaingia. Dharau tupu.

Basi akaanza na udenguzi wake. Aisee. Yule dada anaeleza! Hata Mama aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni aliacha mchicha akasikiliza. Basil anatikisa kichwa, Herieli anatabasamu. Nikaona kabisa uenyekiti unahama.

Ikabidi nimkatize. Nikasema hoja hizo zilishapingwa zamani. Kauliza zilipingwa na nani. Lo! Macho yakaanza kutafuta. Pale nilipokaa mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo, na ndani naona bomba la Baba la kupulizia dawa shambani. Limeandikwa jina la kiwanda kwa herufi nyekundu. Nikasema: Profesa Holmbek.

Basil akashika kalamu. Herieli akaomba niendelee, bila hata kuulizwa! Nikaendelea. Maneno yalikuja yenyewe. Kwamba Holmbek anasema msomaji ni mmea, mwandishi ni mpuliziaji, na maana ya kitabu ni ukungu unaotua kwenye majani. Inaitwa Nadharia ya Ukungu. Basil kasema tangu azaliwe hajasikia jambo zito namna hiyo. Irine akataka jina la kitabu. Nikamwambia bado hakijatafsiriwa.

Leo nalala na furaha yangu.

Jumanne, 2 Septemba

Balaa! Mbaazi zimekatwa, zimekauka, na Baba anataka zipurwe Jumamosi kabla mifugo ya watu haijaziingilia. Nikamwambia ninasoma. Kauliza nasomea wapi, maana yeye ananiona kitandani tu. Nikasema nasoma kichwani. Kasema vizuri, kichwa nitakwenda nacho Mutuka.

Nimekaa nimewaza. Halafu nikakumbuka: mbaazi huku kwetu hazipurwi na mtu mmoja. Unawaita wenzako, wanakuja, wanakula kwako, na zamu yao ikifika unakwenda. Basi nimekiita kikundi. Nimekiita semina ya shambani. Mikono inapura, mdomo unajibu maswali.

Basil kafurahi mno. Herieli kauliza alete fimbo yake au zipo. Irine akanikumbusha kwamba kwao Nakwa mbaazi nazo zimekauka, na kwa kina Basil, na kwa kina Herieli, kwa hiyo nijue najifunga. Nikamwambia bila shaka, bila shaka. Moyoni nacheka. Zamu zao zikifika mimi nitakuwa na barua ya ajira mkononi. Mwalimu wa serikali apure mbaazi za watu?

Jumamosi, 6 Septemba

Semina imefana. Mimi sikuhudhuria sana.

Nilijipangia jikoni. Mwenye shamba ndiye anayelisha watu, nikasema niachieni mimi makande, mwenyekiti hajikwezi. Kwa kweli nilikuwa nakimbia lile vumbi. Nikakaa nyuma ya kibanda cha shambani na sufuria yangu, wao wakatandika turubai mbele wakaanza kupiga. Pu! Pu! Irine akipiga fimbo anauliza swali, anayefuata akipiga anajibu. Akikosea wanarudia, wanapiga tena. Herieli alikuwa anapaza sauti! Herieli! Nilisikia fimbo, nikasikia vicheko, maneno yenyewe upepo ukayachukua upande mwingine. Sikujali. Basil si anaandika? Kumbe ukishika fimbo kwa mikono miwili huandiki. Hilo sikuliwaza.

Makande yaliungua chini kidogo. Walikula, wakashukuru. Baba alikuwa na furaha sijamwona nayo siku nyingi. Alimwambia Irine hajapata kuona wasomi wanaopura hivi. Kisha Irine akaenda kibandani kunywa maji. Na Baba, bila hata kuniambia, alikuwa amelileta bomba apulizie ghala kabla ya kuweka magunia! Liko pale juu ya kigoda, herufi nyekundu zinang'aa.

Irine kalitazama. Kanitazama. Akainama mbele ya bomba kwa heshima zote akaliamkia: shikamoo, Profesa.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini hakuwaambia wenzetu. Alicheka peke yake mpaka akakaa chini, halafu akanifuata jikoni na kuniambia taratibu kwamba nina kipaji, nikisoma hata kidogo nitafaulu, na madaftari yake nichukue, bado kuna siku. Nikamshukuru. Nikamwambia mwenyekiti haazimi.

Sijui kwa nini nilijibu vile.

Jumatano, 10 Septemba

Mtihani. Ukumbi umejaa, baridi ya asubuhi.

Swali la kwanza, udenguzi. La pili, linganisha Umarksi na ufeministi. La tatu sikumbuki. Yote yalipurwa Mutuka! Yote! Niliona Basil mbele yangu anaandika huku bega la kulia linapanda na kushuka, kama bado ana fimbo. Mimi kichwani nilikuwa na harufu ya makande tu.

Halafu akanijia. Profesa Holmbek! Nikaandika, nikaandika, nikaomba karatasi ya nyongeza. Nikaeleza Ukungu wote, na tofauti ya ukungu wa asubuhi na wa jioni, na wakosoaji waliomwonea Holmbek wivu. Kiingereza kilitoka safi mno. Nimetoka ukumbini kifua mbele.

Nimemwambia Baba aanze kuzoea kuitwa baba wa mwalimu. Jioni kawaambia wenzake wa jumuiya. Nilimsikia.

Alhamisi, 18 Septemba

Matokeo. Irine kaitwa usaili wa mahojiano Dodoma. Herieli kaitwa Dodoma. Basil kaitwa Dodoma. Basil!

Mimi sijaitwa.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, sitaki kudanganya humu. Si kwa ajili ya Mutuka. Ni kwa sababu Baba hakunigombeza. Alikaa karibu yangu muda mrefu, kisha akasema chai inapoa.

Jumamosi, 20 Septemba

Mambo si mabaya kama nilivyodhani! Kabla ya kusafiri, Irine alipita kumuaga Baba. Akaniombea: eti nipewe usaili mmoja tu, ule unaofuata, nikianguka tena basi. Baba kakubali. Kwanza lakini nilipe watu. Wenzangu walitoka malengelenge kwenye mbaazi zetu, wameitwa Dodoma, mashamba yao yamebaki na wazazi, na deni la mikono halisubiri mwenyewe arudi. Nilijaribu kuongelea ngozi yangu. Baba akaniletea fimbo.

Nikaanza leo Nakwa, kwa Mama Irine. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, mwalimu. Hakunitania, ndivyo anavyoniita. Nimepura peke yangu tangu asubuhi. Nawashwa mpaka ndani ya masikio.

Mchana kaniletea ugali na maziwa ya mgando, na mfuko mzito. Ndani, madaftari yote ya Irine na vitabu vyake. Irine kaagiza nianze na lile daftari la juu, kidogo kidogo kila siku, na akirudi ataniuliza maswali mwenyewe, fimbo mkononi. Aisee, nimeguswa. Dada ana moyo. Nimeapa pale pale, mbele ya mama yake, kwamba safari hii sifanyi mchezo.

Nikaenda kupumzika kidogo bandani. Mfuko nimeuweka chini ya kichwa. Unafaa sana, una urefu unaotakiwa. Nikiwa nimelala chali nikatafakari kwa uaminifu kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Holmbek alikuwa mmoja. Msahihishaji akiona profesa mmoja asiyemjua, anamkata tu.

Sasa, bandani kwa Mama Irine, juu ya magunia, kuna bomba. Jipya kabisa, la bluu. Limeandikwa Tornvik na Dalbo.

Wawili! Nani atathubutu kuwakata wote wawili?