Mjomba Aliyekufa kwa Ajili ya Ithibati

Jumatatu, 2 Februari
Masharti mapya ya ithibati yamefika. Mama Maimuna, mkuu wa chuo chetu, ameyasoma kikaoni. Shahada ya afya ya jamii sasa lazima iongozwe na mwenye uzamivu wa afya ya jamii. Fani jirani hazitakiwi. Wote wakanigeukia mimi, Kondo. Miaka saba naongoza idara hii kwa uzamili wa uhifadhi wa nafaka, hakuna aliyewahi kuuliza! Nikawaeleza: panya huingia ghalani, panya huleta tauni, tauni ni afya ya jamii. Dkt. Bhakti akacheka kwa pua. Yeye anao huo uzamivu. Amezaliwa hapahapa mjini, juu ya duka la vitambaa la baba yake, na kwa usomi wake hujifanya amelisahau.

Baadaye akanifuata ofisini. Akashauri nimwachie uongozi, nibaki kufundisha usalama wa chakula, wanafunzi wapone. Tukishindwa ukaguzi programu inafungwa na watoto wa watu wanahamishiwa Dodoma. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Kiti siachi.

Jumatano, 4 Februari
Habari njema. Kiongozi wa wakaguzi ni Dkt. Anselmi, Mnyamwezi wa Tabora. Mtani wangu! Sisi Waluguru tunataniana na Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Nitamtukana vizuri, atacheka, tutakuwa ndugu, atapitisha. Bhakti na uzamivu wake hana mtani hata mmoja.

Ijumaa, 6 Februari
Nimempokea getini. Nikamwambia babu yake alibeba pembe za watu mpaka pwani akarudi na kidonda cha bega tu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Kikaoni akanirudishia. Akasema Waluguru ni watu wa ajabu, wamemtoa mlinzi wa ghala la mahindi wakamkabidhi mapafu ya binadamu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo nami nikacheka. Taya zinaniuma mpaka sasa.

Kisha akavua miwani na utani ukaishia hapo. Nimkabidhi Bhakti uongozi Ijumaa ijayo, sote wawili tukitia saini mbele yake, programu itaendelea. La sivyo inafungwa. Najuta kumchekea.

Alhamisi, 12 Februari
Kesho ndiyo makabidhiano. Bila mimi hakuna makabidhiano. Nimemtumia Mama Maimuna ujumbe: nimefiwa na mjomba, niko kijijini kwetu Kinole. Nimemchagua Mjomba Hamza kwa sababu hana simu na mjini hashuki. Tena kwetu mjomba ndiye ukoo wenyewe, ndiye mashamba. Nani atathubutu kumwita kazini mtu aliyefiwa na mjomba? Nimepanda mlimani kwa bodaboda. Mjomba amefurahi kuniona, amenichinjia jogoo.

Jumamosi, 14 Februari
Nilisahau jambo moja. Mtani hakosi msibani.

Dkt. Anselmi amepanda Kinole na sanda kwapani na jembe begani, anaimba, anauliza kila nyumba msiba wa Mzee Hamza uko wapi. Aliyemwonyesha njia ni Mjomba mwenyewe, akitoka kwenye migomba. Anselmi akampa shikamoo na pole, akamweleza amekuja kumzika mjomba wa Kondo. Mjomba akakaa chini palepale njiani. Kisha wakaja wote wawili. Mimi nilikuwa nashughulika na paja la jogoo.

Mjomba amesema nimeshamzika, basi sina mjomba. Shamba la bondeni alilokuwa ameniahidi, atalima dada yangu Asha. Sikuweza kumtazama.

Anselmi hakutania. Alisema jana waliposikia nimefiwa, yeye ndiye aliyeniombea wiki mbili zaidi. Sasa anaiondoa hiyo nafasi. Sanda ameniachia. Alisema ataona aibu kurudi nayo.

Jumatatu, 23 Februari
Programu imefungwa. Wanafunzi wamepanda mabasi stendi ya Msamvu asubuhi, wanakwenda kumalizia Dodoma. Bhakti ameondoka nao, amepata kazi hukohuko. Chausiku wa mwaka wa tatu hakwenda. Ananyonyesha, na mumewe amekataa. Alikuja ofisini kurudisha ufunguo wa maabara, akanipa shikamoo, akauliza kama kuna njia yoyote. Nilimwambia alaumu wanaobadilisha masharti.

Ila chuo hakijaifuta idara. Na kwa kuwa haina programu, masharti ya uzamivu hayaihusu. Kwa hiyo mkuu wake bado ni mimi! Nimeagiza kibao kipya cha mlangoni kwa fundi wa Mwembesongo, maandishi ya dhahabu. Kutwa nzima nimekaa kitini. Hakuna aliyebisha hodi. Idara inakwenda vizuri.