Baiskeli Kwanza, Mbwa Baadaye

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema. Nimekuta waraka ubaoni kabla hata sijafungua ofisi. Halmashauri inapangwa upya! Fedha hazitoshi, vitengo vimezidi, na baraza la madiwani limeamua vidogo viunganishwe. Changu, Leseni za Baiskeli, kitaunganishwa na Leseni za Mbwa. Wakuu wawili, kiti kimoja. Atakayekipata atahamia chumba cha kona, chenye madirisha mawili na feni inayozunguka.

Wenzangu wameingiwa na hofu. Mimi nimefurahi. Miaka yote nimekaa chumba kisicho na dirisha, nikitazama kalenda ya kiwanda cha magodoro. Chumba cha kona ni changu. Bado tu wengine hawajajua.

Mpinzani wangu ni Mzee wa Mbwa. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Nasikia hata akikoroga chai. Mtu mpole, hana haraka, kila asubuhi hunigongea ukuta kunisalimu. Wapole ndio wa kuogopwa. Nami nimemgongea, asije akashtuka.

Mama Watoto ameuliza kama kuna mtu aliyeniambia nifanye chochote. Mke wangu ni fundi cherehani hodari, lakini siasa za ofisi hazijui.

Jumanne, 4 Juni
Tarishi, kwa soda moja tu, amenipenyezea habari. Mtaalamu kutoka makao makuu anakuja Alhamisi kuona ni kitengo kipi chenye kazi. Sasa, kazi ni watu, na watu ni foleni. Kwangu foleni hakuna. Mtu wa mwisho kuingia alikuwa akikimbia mvua.

Lakini nina ukoo! Jioni nimeitisha kikao sebuleni: mama mkwe, shemeji, dada yangu na binamu wawili. Nimewaomba waje wakae nje ya ofisi yangu wakiwa na sura za watu wenye shida. Binamu wamesema sura hizo wanazo tayari. Mama mkwe akauliza kama lazima ajue kuendesha baiskeli. Nikamwambia hapana, mama, ni kukaa tu. Akasema kukaa anaweza.

Jumatano, 5 Juni
Benchi langu linachukua watu watatu. Ukoo ni watano. Mzee wa Mbwa alipokwenda kula, nimeliburuta benchi lake hadi upande wangu. Faida mara mbili! Wangu watakaa, wake watakosa pa kukaa, warudi makwao.

Mzee amerudi, ameona, amesema: vizuri, naona unatarajia wageni. Hata hakukasirika. Hilo limenikera kidogo, ila hamu ya kula haikupungua.

Alhamisi, 6 Juni
Ukoo ulifika mapema, umependeza kupita kiasi. Mama mkwe alibeba mkoba wake wa harusini. Mtaalamu akaingia, mwanamke mwenye viatu vya chini na maswali machache. Akaiona foleni yangu, akasimama. Roho yangu kwatu!

Hapo shemeji akaniharibia. Kumbe alikuja na baiskeli yake kweli! Akasema maadamu yupo, bora akate leseni kabisa. Ningemkataaje mbele ya mgeni? Nikatafuta mhuri. Mhuri ulikuwa kwenye droo, droo ilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa nyumbani. Nikaivunja kwa rula. Wino ulikuwa umekauka, nikautia chai. Leseni ikatoka na rangi ya kahawia, na harufu ya tangawizi.

Huku nje mama mkwe alishasahau kwamba anaigiza. Mtaalamu alipomuuliza anaionaje huduma, akawaka. Amekaa hapa tangu asubuhi! Hajakaribishwa, hajapewa hata maji, na vijana wanapita mbele yake! Kama mambo yenyewe ndiyo haya, heri mtu atembee kwa miguu. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Walioanza ni binamu zangu.

Na kwa jirani? Wenye mbwa walikuja kama kawaida, wakakosa pa kukaa. Mzee akaona haya kuwasimamisha watu, akawahudumia papo hapo, mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu aliandika kwamba kwenye Leseni za Mbwa foleni haipo kabisa. Aliandika akitabasamu.

Hata hivyo jioni ilikuwa tamu. Mama mkwe aliisimulia upya hasira yake tangu mwanzo, na nimecheka hadi mbavu zikauma.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango wa pili. Huu hauhitaji ukoo.

Nimeusoma waraka tena, nikagundua kitengo kipya hakina jina. Hapo ndipo penyewe! Anayetangulia kwenye jina ndiye anayetangulia kwenye kiti. Yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua hilo. Kikiitwa Leseni za Baiskeli na Mbwa, mkuu atakuwa mtu wa baiskeli. Halijadiliki.

Nimemfuata diwani wetu dukani kwake, anakouza rangi na misumari, nikamwomba alete hoja barazani Jumatatu. Amefurahi mno. Tangu achaguliwe hajasema kitu barazani isipokuwa kuomba mlango ufungwe, upepo unampiga. Nimemwandikia hotuba mwenyewe. Baiskeli kwanza, mbwa baadaye! Nimeijaribu mbele ya kioo nikatokwa na machozi. Mama Watoto aliyekuwa akipinda gauni la mteja ameniomba nilie taratibu.

Jumatatu, 10 Juni
Nilikaa nyuma, kwenye viti vya wananchi. Diwani wetu akasimama, akanguruma. Diwani mwingine, mfuga mbwa, akapinga: mbwa ana uhai, baiskeli haina. Wa tatu akasema mbwa ndiye anayeifukuza baiskeli, kwa hiyo baiskeli iko mbele kwa hali yoyote. Makofi! Mabishano asubuhi nzima! Nikajiona nimeshafika chumba cha kona, nachagua feni izunguke kwa kasi gani.

Ndipo mwenyekiti, ili akate ubishi, akamtaka mwanasheria wa halmashauri asome sheria ndogo zote mbili. Ya mbwa ikasomwa. Kwa ya baiskeli mwanasheria akapekua, akarudia kupekua, akavua miwani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria ndogo ya leseni za baiskeli ilifutwa na baraza hilihili miaka minane iliyopita.

Mweka hazina akaulizwa, basi kitengo kimekuwa kikipataje fedha? Akaeleza jambo ambalo sote tunalijua: bajeti yetu ni ile ya mwaka uliopita, tunabadilisha mwaka tu. Tukanakili, tukanakili. Mimi mwenyewe nimekinakili kitengo changu mara nane, kwa mwandiko mzuri, bila kujua kwamba kimekufa.

Nimejipalia makaa. Kitengo kimefutwa palepale kwa kauli moja. Diwani wetu naye alinyoosha mkono, tena wa kwanza. Chumba cha kona kimepewa mweka hazina.

Jumanne, 11 Juni
Nilikuwa nafungasha vitu vyangu ukuta ulipogongwa. Mzee wa Mbwa ananiita chai.

Alinieleza polepole, kama kawaida yake. Anastaafu mwezi ujao. Alhamisi alimwambia mtaalamu kwamba yeye kiti hakitaki, apewe jirani yake, kijana mchangamfu na anayependwa na ukoo wake. Mtaalamu alikubali, pamoja na mama mkwe na yote. Barua yangu ya uteuzi ilikuwa imeshachapwa, inasubiri baraza lipitishe muundo. Kilichotakiwa kwangu ni kukaa ofisini Jumatatu, nisifanye lolote.

Imeniuma, siwezi kudanganya. Madirisha yote mawili!

Mzee akanisogezea sukari. Akasema ameshaniombea nihamishiwe kwake kama karani, na wamekubali. Mkuu mpya atatoka makao makuu. Nilimshukuru, na safari hii ilitoka moyoni. Nyumbani Mama Watoto amecheka hadi akasimamisha cherehani, kisha akaniwekea chakula kingi kuliko kawaida. Amesema angalau sasa nina kazi inayotambuliwa na sheria.

Jumatano, 12 Juni
Siku njema sana. Meza yangu mpya iko karibu na dirisha. Ni dogo na linatazama tangi la maji, lakini ni dirisha! Nimehudumia watu wa kweli, na mbwa mmoja amenilalia miguuni hadi saa sita.

Mzee amenipa wosia. Amesema serikalini anayetulia ndiye anayebaki, kwa hiyo mwanangu, tulia. Nimempa mkono. Maneno yake nimeyatafakari kwa makini hadi chai ya saa nne, na hatimaye nimeona nilipokosea.

Diwani mmoja hatoshi. Nimealika watatu nyumbani Ijumaa usiku. Mama mkwe ndiye mpishi, bado hajaambiwa. Mkuu mpya akija atahitaji naibu, na nimeshauliza masijala: cheo cha naibu hakimo kabisa kwenye muundo. Maana yake hakuna mtu aliyekishika. Kiko wazi!