Redio Nane Zisizo na Chujio

Jumatatu, 4 Machi

Barua kutoka ofisi ya masafa ya redio. Nimeisoma nimesimama. Nikaketi, nikaisoma tena. Miaka yote wamewabana wanaorusha mawimbi. Sasa wametugeukia sisi tunaotengeneza vya kupokelea. Kila aina ya redio ipimwe: isikie sauti ya masafa yake, ya masafa jirani isiisikie. Sampuli moja iwafikie Ijumaa.

Zangu husikia kila mtu.

Nane ziko hospitali, redio za upepo ambazo mapokezi na magari ya wagonjwa huwasiliana kwazo. Chujio, kile kipande kidogo kinachozuia sauti za masafa ya pembeni, sikuweka. Niweke cha nini? Masafa ya pembeni yalikuwa matupu. Asiye na jirani hafungi mlango.

Ng'ambo ya barabara Shemeji, kaka wa mke wangu, ana duka kama langu. Redio zake zina machujio mawili mawili. Barua hiyohiyo ameibandika dirishani kana kwamba ni cheti cha ndoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia. Nimemtuma kinyozi wa jirani akanunue redio kwa Shemeji. Nimeifungua, nikatoa matumbo yake yote na kuyapandikiza ndani ya kasha langu. Skrubu moja imepotelea humo humo. Ukiitikisa inalia kama njuga. Si kitu. Nimebandika jina langu mgongoni.

Shemeji anaunga nyaya zake kwa unadhifu wa mtu anayetarajia kukaguliwa. Inaudhi.

Mke wangu ameuliza nacheka nini. Nimesema barua ya serikali. Amenitazama, kisha akarudi jikoni.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi ni mama mpole. Hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotisha. Ameiweka redio mezani, akarusha sauti ya jirani, kila mara kubwa zaidi. Redio kimya. Mimi jasho mpaka kwenye soksi. Akaitikisa. Ikalia. Akauliza kuna nini ndani. Nikasema ni uzito, isipeperuke. Akaandika kitu.

Kisha akanieleza bila kuulizwa. Redio isiyojua kuchagua hulazimisha masafa ya pembeni yaachwe bure, kama mtu mmoja anayelala katikati ya kitanda cha watatu. Maadamu redio za hospitali ni kama hii, alisema, ile nafasi tupu wataipa kampuni ya teksi. Imeomba tangu mwaka jana.

Nikauliza lini.

Jumatano, akasema.

Nikampongeza.

Jumatatu, 11 Machi

Hospitali. Nimeomba redio zote nane, eti nikazisafishe, nipate kuzitia machujio kabla ya Jumatano. Msimamizi wa magari amekataa: zinafanya kazi vizuri, na habari kwamba nimefaulu kwa alama za juu imeshamfikia. Amenipa mkono. Nimerudi na pongezi tu.

Nyumbani binti yetu amekuja kujifungulia kwetu. Siku zake zimetimia. Mumewe yuko safarini kikazi. Mke wangu amebandika namba ya hospitali juu ya jiko. Anasema moyo wake umetulia, kwa kuwa redio za magari yale ni kazi ya mikono yangu.

Sikula.

Jumatano, 13 Machi

Naandika haraka.

Saa nne asubuhi uchungu ukamshika binti. Mke wangu akapiga simu hospitali. Wakasema gari linakuja. Dakika kumi. Ishirini. Binti alinikamata kifundo cha mkono. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Nikatoka mbio. Hospitali si mbali.

Karani wa mapokezi alikuwa na redio yangu mdomoni, anamwita dereva. Akajibiwa na mwanamke wa teksi, sauti safi kabisa: abiria yuko nyuma ya posta, ana masanduku mawili. Halafu dereva wetu, kwa mbali: "Nimefika posta. Mgonjwa anasema haumwi."

Karani akanigeukia. "Fundi, hii ina nini?"

Nilifungua mdomo niseme hali ya hewa.

"Haina chujio," nikasema. "Zote hazina. Mpigie kwa simu ya mkononi."

Simu ya dereva ilikuwa pale pale mezani, inachajiwa.

Nikakimbilia kwa Shemeji. Ana pikapu. Nilimwambia kila kitu kwa pumzi moja, mpaka habari ya kinyozi. Alichukua funguo akaacha duka wazi, wateja wawili ndani.

Tulimfikisha binti hospitali. Kwa bahati tu. Mjukuu amezaliwa juu ya machela, mlangoni, wauguzi wakiisukuma. Mvulana. Mzima, na mama yake mzima. Nimelia nyuma ya pikapu. Shemeji alijifanya anakagua gurudumu.

Ijumaa, 15 Machi

Mkaguzi amekuja hospitali na bisibisi yake mwenyewe. Nimeitwa nishuhudie. Amezifungua zote nane, moja baada ya moja. Halafu akasema, taratibu, "Fundi, nafasi ile niliigawa kwa kukuamini wewe."

Afadhali angefoka.

Leseni yangu imechukuliwa miezi sita. Redio za Shemeji zimo magarini tangu adhuhuri. Teksi na hospitali sasa zinaongea bega kwa bega, na hakuna anayemsikia mwenzake. Nimesimama pale nusu saa nikitega sikio. Hata mkwaruzo sikusikia.

Mtoto amepewa jina la Shemeji. Mke wangu ndiye aliyependekeza, macho yake kwangu. Ameongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Binti amesema jina ni zuri.

Jumapili, 17 Machi

Nimetafakari siku nzima, kwa moyo mweupe. Mtu mzima hukubali kosa lake, nami langu nimeliona: nilipeleka sampuli nzuri mno. Ningepeleka ya wastani, ofisi ingesita, nafasi ya pembeni ingebaki tupu, na mjukuu wangu angezaliwa kitandani kwa heshima zake. Tamaa ya alama za juu ndiyo iliyoniponza.

Nimeandika ombi jipya la leseni kwa jina la mkwe wangu. Bado yuko safarini. Nitamwambia akirudi, akishambeba mtoto, wakati mikono yake haina nafasi.